Walia na Majani ya Milimani

Alfajiri katika sekta ya Nyakiriba, wilayani Rubavu, ukungu ukiwa bado umejilaza juu ya bonde la Mto Sebeya, mara nyingi mtu wa kwanza kuonekana njiani ni mtoto mwenye mundu mkononi na mzigo wa mabingobingo kichwani. Majani hayo yamekatwa kwenye kingo za matuta, pale yanaposhika udongo usiteremke bondeni. Yanakwenda kwa mbuzi. Mbuzi mwenyewe hatoki nje. Yuko bandani, au amefungwa kamba kwenye kigingi nyuma ya nyumba, kwa kuwa Rwanda ilishakataza mifugo kuswagwa ovyo mashambani na barabarani. Mtoto anatua mzigo, mbuzi anauvuta kwa midomo, na siku imeanza.

Mhadhara huu unamhusu ndugu wa mbuzi huyo ambaye hajawahi kuijua kamba. Anaitwa walia. Makao yake ni milima ya Simien, kaskazini mwa Ethiopia, karibu kilomita 1,900 kutoka Nyakiriba, na hapatikani pengine popote duniani. Habari zake zinawahusu watu wa Rubavu kuliko wanavyoweza kudhani, maana ni habari za mlima, mkulima mwenye shamba dogo, mbuzi wa kufugwa na majani ya kumlisha. Hivyo vyote vinne Nyakiriba inavijua vizuri.

Kwanza tulitengeneze jina. Msemaji wa Kiswahili akisikia mbuzi wa milimani, huenda akamfikiria mbuzi mawe, yule mnyama mdogo anayesimama juu ya majabali ya Serengeti na ya vilima vya Akagera, hapa hapa Rwanda. Husimama kwenye ncha za kwato, na miguu yote minne yaweza kuenea juu ya jiwe dogo kabisa. Hata wataalamu walimpa jina la Kigiriki, Oreotragus, lenye maana ya beberu wa mlimani. Lakini yeye si mbuzi. Ni wa ukoo wa swala. Dume na jike hukaa pamoja mwaka mzima kama mke na mume waliotulia, na hutia alama mipaka ya eneo lao kwa utomvu mweusi unaotoka karibu na jicho na kupakwa kwenye ncha za vijiti. Ni mnyama wa kupendeza, na bado hayumo hatarini. Yupo Simien pia, kwenye magenge yale yale ya walia, na wawili hao hawagombani.

Walia ni mbuzi halisi, wa jenasi ya Capra, damu moja na mbuzi wa bandani. Mbuzi wa kufugwa alitokana na mbuzi mwitu wa Asia ya Magharibi aliyeanza kufugwa karibu miaka 10,000 iliyopita. Walia ni wa tawi jingine la ukoo huo, tawi lililofika Afrika na kukwama juu ya milima ya Ethiopia. Kusini ya hapo hakuna mbuzi mwitu wa kweli hata mmoja: si Kenya, si Rungwe, si Virunga. Yeye ndiye wa mwisho upande huu wa dunia. Mnamo 1835 Mjerumani Eduard Rüppell, aliyekuwa amesafiri Simien, alimwandika kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi, lakini Waamhara wa milima ile walikuwa wamemjua na kumwita kwa jina lake tangu zamani.

Mtu wa Nyakiriba akipelekwa Simien leo, mengi hayatamshangaza. Kilele cha Ras Dejen kina mita 4,550 hivi, kimeipita Karisimbi kwa mita arobaini na kidogo tu. Mti ambao Wanyarwanda wanauita umugeshi upo kule pia. Waethiopia wanauita kosso, na kwa karne nyingi maua yake yamekuwa dawa yao ya tegu. Lobelia kubwa zinazosimama kama minara juu ya Karisimbi zina ndugu zao Simien, ndefu kuliko mtu. Baridi ya usiku ni ile ile. Kitakachomshtua ni ukingo. Uwanda wa juu wa Simien ni wa majani na mashamba ya shayiri, umetambarika kwa upole, halafu ghafla ardhi inakatika. Upande wa kaskazini genge linashuka wima, mahali pengine kwa kiasi cha mita 1,500, hadi kwenye nchi ya joto chini yake. Hapo kwenye ukuta huo, katikati ya uwanda na bonde, ndipo nyumbani kwa walia.

Inafaa kumtazama kwa karibu. Beberu mzima anaweza kupita kilo 100. Manyoya yake ni ya rangi ya chokoleti, tumbo jeupe, miguu ina mabaka meusi na meupe, na kidevuni ana ndevu nyeusi. Kwenye paji la uso ana nundu ya mfupa, ambayo mbuzi mwitu wengine hawana ya namna hiyo. Pembe zake hupinda nyuma kama mundu na zaweza kupita mita moja. Mbele zina mafundo mazito, na mafundo hayo ndiyo yanayolia mabeberu wawili wanapogongana kati ya Machi na Mei. Jike naye ana pembe, fupi na nyembamba. Hubeba mimba kwa miezi mitano, sawasawa na mbuzi wa Nyakiriba, na huzaa mvua kubwa zinapokwisha, mwezi wa Septemba au Oktoba, wakati majani mabichi yamejaa. Kwato zake zina ukingo mgumu unaokamata jiwe, na ndani yake nyama laini inayojibana kwenye mwamba. Kitoto huzaliwa juu ya kingo ambazo mtu angezipita akitambaa, na baada ya muda mfupi kinamfuata mama yake.

Asubuhi jua linapoupiga uso wa genge, wanyama hao hutoka kwenye mapango na vibaraza vya mawe kuota joto, kisha huanza kula. Chakula ni majani, maua na vichipukizi. Pale miti ya erika ilipo, beberu husimama kwa miguu ya nyuma, akaegemeza kwato za mbele kwenye shina na kufikia matawi ya juu. Mfugaji yeyote wa Nyakiriba amemwona mbuzi wake akifanya vivyo hivyo kwenye ua wa jirani. Hapo ndipo udugu unapoonekana, na hapo pia ndipo tatizo lilipoanzia.

Walia hapendi genge kwa sababu ya uzuri wake. Wapo chui na fisi, na genge ni ngome. Lakini zamani alikuwa akitoka ngomeni kwenda kula kwenye miteremko ya juu na ya chini. Watu walipoongezeka, miteremko hiyo ikalimwa shayiri. Pasipolimwa, mbuzi, kondoo na ng'ombe wakachungwa. Bunduki zilizoenea wakati wa uvamizi wa Italia, kuanzia 1935, zikafanya uwindaji kuwa rahisi kuliko siku za mikuki. Kilichobaki ni ukuta wenyewe, nao hauna majani ya kuwatosha wanyama wote.

Mwaka 1963 alifika Simien mtu aliyeijua vizuri Afrika Mashariki. Leslie Brown alikuwa ofisa wa kilimo nchini Kenya kwa miaka mingi, na alikuwa bingwa wa habari za tai na ndege wengine wawindaji. Alikwenda kuwahesabu walia, akakadiria kuwa wamebaki kati ya 150 na 200. Kwa kuwa alikuwa mtu wa udongo na mazao, hakuishia kwenye bunduki. Aliitazama miteremko iliyolimwa hadi kwenye ukingo, akaona kwamba udongo unateremka na kwamba mkulima na walia wote wawili wanapoteza. Tathmini hiyo ya mtu wa kilimo ndiyo iliyokuwa ya kweli kuliko nyingi zilizofuata, na ingesikilizwa kikamilifu mapema, maumivu mengi yangeepukwa.

Kilichofuata ni hifadhi. Kati ya 1967 na 1969 kijana kutoka Wales, Clive Nicol, alikuwa mkuu wa kwanza wa askari wa wanyamapori kule, na baadaye akaandika kitabu kuhusu miaka hiyo migumu. Waswisi walikuja kufanya utafiti: Bernhard Nievergelt akawachunguza walia wenyewe, Hans Hurni akauchunguza udongo unaoondoka. Simien ikatangazwa rasmi kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1969. Mwaka 1978, UNESCO ilipoanza orodha yake ya Urithi wa Dunia kwa maeneo 12 ya kwanza kabisa, Simien ilikuwemo, pamoja na makanisa ya Lalibela na kisiwa cha Gorée. Heshima kubwa namna hiyo kwa mbuzi mmoja na magenge yake haikuwahi kutolewa.

Heshima haikuwalisha wanakijiji. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wanajeshi wa Derg, serikali ya kijeshi iliyotawala Ethiopia wakati huo, waliwafukuza kwa nguvu wakazi wa vijiji kadhaa vilivyokuwa chini ya magenge. Mtu aliyefukuzwa nyumbani kwake kwa sababu ya mnyama hawezi kumpenda mnyama huyo, na ni haki yake. Vita vilipozidi katika miaka ya 1980, wafanyakazi wa hifadhi waliondoka, majengo yakaharibiwa, na kwa miaka mingi magenge hayakuwa na mlinzi. Mwaka 1996 idadi ya walia ilikadiriwa kuwa karibu 250. UNESCO ikaiingiza Simien kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, ambako ilikaa kwa miaka 21.

Kutoka kwenye orodha hiyo kulikuwa na masharti. Mipaka ipanuliwe, barabara iliyokatiza hifadhi ihamishwe, mifugo ipunguzwe. Mipaka ikapanuliwa kweli, kutoka kilomita za mraba 136 hadi 412. Na kijiji cha Gich kiondoke.

Gich inastahili kutajwa polepole. Kilikuwa kijiji cha wakulima na wafugaji kwenye uwanda wa juu, kwenye kimo ambacho Nyakiriba haifiki, karibu mita 3,600, wakilima shayiri na kuchunga mbuzi, kondoo, farasi na ng'ombe. Kaya zaidi ya 400 zilihamishwa mwaka 2016 na kupelekwa karibu na mji wa Debark. Walilipwa fidia. Lakini fidia ni fedha, na fedha huisha. Shamba na malisho havikwenda Debark. Wengi waliozaliwa wakijua kulima na kuchunga walijikuta wakazi wa mjini wasio na ardhi. Mwaka uliofuata, 2017, Simien ikatolewa kwenye orodha ya hatari.

Mwanahistoria Mfaransa Guillaume Blanc aliandika kitabu mwaka 2020 kulalamikia jambo hilo. Alizilinganisha Simien na milima ya Cévennes, kwao Ufaransa. Zote mbili ni Urithi wa Dunia, zote zina wachungaji na mbuga za mlimani. Lakini Cévennes iliingizwa kwenye orodha kwa sababu ya wachungaji wake, na wanasaidiwa kwa fedha wabaki. Simien ilisifiwa kwa kuwaondoa. Blanc amelenga. Hakuna sababu ya kisayansi inayomfanya mchungaji wa Ufaransa kuwa pambo la mlima na mchungaji wa Ethiopia kuwa uharibifu wake.

Pamoja na hayo, ukweli mwingine hauondoki kwa kusema ule wa kwanza. Walia hawezi kula shayiri ya kijijini, wala hawezi kushindana na kundi la mbuzi 200 kwenye mteremko ulioliwa hadi kwenye mizizi. Mbuzi wa kufugwa ana mchungaji, ana chumvi, ana banda usiku na dawa akiugua. Walia hana mtu. Na kuna hatari nyingine isiyoonekana kwa macho. Kwa kuwa wote ni Capra, beberu wa kufugwa na jike la walia wanaweza kuzaliana. Kila makundi yanapokutana kwenye ukingo mmoja, walia anaweza kupotea kwa kuchanganyika hata kama hakuna risasi iliyopigwa. Swali la kweli tangu siku za Brown lilikuwa moja: mbuzi wa mkulima atakula wapi? Waliowahamisha watu wa Gich walijibu swali jingine, la watu wataishi wapi, na hata hilo walilijibu nusu.

Kazi ya ulinzi, hata hivyo, ilizaa. Doria za askari wenyeji, fedha za watalii, waongozaji na wapishi na wenye nyumbu waliopata riziki kutokana na wageni, vyote vilifanya kazi. Shirika la African Wildlife Foundation, lenye makao Nairobi, liliingia kusaidia hifadhi. Walia wakaongezeka hadi kupita 800 kufikia mwaka 2015. Mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili lilimshusha daraja la hatari, kutoka aliye hatarini kutoweka hadi aliye katika mazingira magumu. Ni wanyama wachache duniani wanaoshuka daraja hilo.

Miezi michache baadaye, Novemba 2020, vita vya Tigray vikaanza. Watalii walikuwa wamekwisha kukatika kwa sababu ya korona; sasa hata barabara hazikupitika. Mwaka 2021 mapigano yalifika karibu na Debark penyewe, na raia wengi waliuawa katika vijiji vya jirani. Vita hivyo vilipokwisha, uasi mwingine ukazuka katika jimbo la Amhara mwaka 2023. Mwongozaji asiye na mgeni hana mshahara. Askari wa hifadhi anayesikia mizinga hawezi kuzunguka mlimani. Hesabu za walia zilizofanywa baada ya hapo zimeonyesha upungufu mkubwa. Walichokipata kwa miaka ishirini ya amani kililiwa kwa miaka michache.

Wakati huo huo jina lake lilikuwa likisambaa. Timu ya taifa ya mpira wa miguu ya Ethiopia inaitwa Walia, na mwaka 2013 Walia hao walirudi kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya kulikosa kwa miaka 31. Mwaka 2014 kampuni ya Heineken ilitoa nchini humo bia iitwayo Walia; ni kampuni hiyo hiyo yenye hisa kubwa katika Bralirwa, ambayo kiwanda chake cha bia kipo hapa Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu. Kwa hiyo Waethiopia wanaouona uso wa walia kwenye chupa na kwenye fulana ni mamilioni, na waliomwona kwenye genge ni wachache mno. Na hakuna bustani yoyote ya wanyama duniani inayomfuga. Wote waliopo wapo Simien.

Hatari ya jambo hilo ilishaonekana Ulaya. Katika milima ya Pyrenees, mpakani mwa Hispania na Ufaransa, kulikuwa na mbuzi mwitu aliyeitwa bucardo. Januari 6, 2000, jike wa mwisho, aliyepewa jina la Celia, alikutwa amekufa, mti umemwangukia. Wataalamu walikuwa wamechukua kipande cha ngozi ya sikio lake na kukigandisha. Kwa kipande hicho walijaribu kumrudisha, na mwaka 2003 kitoto cha bucardo kikazaliwa kutoka tumbo la mbuzi mwingine. Kilishindwa kupumua, kikafa baada ya dakika chache. Bucardo ni mnyama aliyetoweka mara mbili.

Lakini Ulaya hiyo hiyo ina mfano wa upande wa pili. Mbuzi mwitu wa milima ya Alps alikuwa amebaki mmoja mmoja tu, karibu na Gran Paradiso nchini Italia, mfalme Vittorio Emanuele II alipoifanya sehemu hiyo mbuga yake ya kuwinda mwaka 1856 na kuwaweka walinzi. Mwaka 1922 ikawa hifadhi ya taifa. Mbuzi wote wa aina hiyo waliotapakaa leo kutoka Ufaransa hadi Austria, makumi ya maelfu, wametokana na kundi hilo dogo. Mbuzi mwitu akipewa majani na amani, huzaa haraka.

Karibu zaidi na wasemaji wa Kiswahili kuna ndugu mwingine wa mlimani. Maelfu ya Waswahili waliotoka Zanzibar na pwani ya Afrika wanaishi Muscat, Oman, na nyuma ya nyumba zao imesimama safu ya milima ya Hajar. Kwenye magenge hayo makavu anaishi tahr wa Uarabuni, ambaye wenyeji humwita waal. Ni mdogo kuliko walia, uzito wa mbuzi wa kawaida, mwenye shungi refu shingoni na manyoya marefu miguuni. Aliyempeleka mnyama huyo kwa wanasayansi alikuwa daktari Mhindi, Atmaram Jayakar, aliyefanya kazi Muscat kwa zaidi ya miaka ishirini mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1894 mnyama akapewa jina la daktari huyo. Jayakar alikuwa mtu wa kupenda mambo mengi: aliandika lugha ya Waomani na kukusanya methali zao, na samaki kadhaa wa Bahari ya Arabu wana jina lake vilevile.

Tahr ana shida moja kubwa: hawezi kukaa siku nyingi bila kunywa maji. Katika milima mikavu, chemchemi ni chache, na kila chemchemi ina mbuzi. Si mbuzi wa zizi, bali mbuzi waliotoroka au kuachwa wajitafutie, vizazi na vizazi. Wanakunywa kwanza, wanakula miti ya kando ya maji, na tahr hubaki juu akisubiri. Katika miaka ya 1970, Sultani Qaboos alipoanza mpango wa kumhifadhi katika bonde la Wadi Sareen, kusini mwa Muscat, walinzi waliochukuliwa walikuwa watu wa vijiji vya bonde lile lile. Waliolijua kila jiwe wakalipwa kulilinda. Huo ni uamuzi wa busara kupita sheria nyingi, na tahr yupo hadi leo, ingawa bado anahesabiwa kuwa hatarini.

Sasa turudi nyumbani, kwa kuwa Rubavu ina Simien yake.

Msitu wa Gishwati, unaoanza si mbali na hapa, ulikuwa na takriban hekta 28,000 katika miaka ya 1970. Miaka ya 1980 ulikuja mradi mkubwa wa ufugaji wa ng'ombe na upandaji wa misonobari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Miti ikakatwa ili majani ya ng'ombe yaote. Baada ya 1994 wakaja watu waliohitaji mahali pa kuishi, wakakata iliyobaki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 palikuwa pamebaki hekta 600 hivi. Sokwe mtu wa Gishwati walibaki wachache wa kuhesabika kwa vidole vya watu wawili watatu. Miteremko iliyovuliwa miti ikaanza kuteremka yenyewe, na Sebeya, mto unaobeba maji ya upande huo, ukaanza kubeba udongo. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mvua ilinyesha bila kukoma; watu zaidi ya 130 walikufa katika mafuriko na maporomoko nchini, na Rubavu ilikuwa kati ya wilaya zilizoumia zaidi. Wanaoishi kandokando ya Sebeya hawahitaji kuelezwa usiku ule ulikuwaje.

Hurni aliyepima udongo wa Simien angeuelewa mto huo kwa kuutazama rangi tu.

Gishwati nayo imeanza kurudi. Pamoja na msitu wa Mukura ilifanywa hifadhi ya taifa, na mwaka 2020 UNESCO ikaitambua kuwa eneo la hifadhi ya viumbe hai. Na upande wa pili, kwenye volkano, Rwanda ina jambo ambalo Waethiopia wangependa kulijua. Masokwe wa milimani walipohesabiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, Virunga nzima ilikuwa na karibu 250. Waliokuwa wakiwaua hawakuwa wote wakiwatafuta wao. Mitego mingi, kitanzi cha kamba au waya kilichofungwa kwenye mwanzi uliopindwa, iliwekewa funo na pongo kwa ajili ya nyama, na sokwe alipotia mkono alikatika vidole au akaoza jeraha. Tangu Dian Fossey alipoanzisha kituo cha Karisoke mwaka 1967, kutegua mitego kumekuwa kazi ya kila siku. Leo masokwe hao, pamoja na wale wa Bwindi nchini Uganda, wamepita 1,000, nao wakashushwa daraja la hatari mwaka 2018.

Doria zimefanya nusu ya kazi. Nusu nyingine ni fedha zilizofika kijijini. Kuanzia 2005 serikali ilitenga asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi kwa ajili ya wakazi wa pembezoni. Mwaka 2017 kiwango kikawa asilimia 10, mwaka ule ule kibali cha kumtembelea sokwe kilipopandishwa hadi dola 1,500. Zimejengwa shule, zahanati na matangi ya maji. Mtu aliyechota maji kwenye tangi lililojengwa na sokwe hana haraka ya kutega.

Sasa Hifadhi ya Volkano inapanuliwa. Mwaka 2018 African Wildlife Foundation, shirika lile lile la Simien, liliikabidhi Rwanda hekta 27.8 lilizokuwa limenunua kando ya mpaka wa hifadhi, na mipango ya kuongeza zaidi inaendelea, pamoja na vijiji vipya kwa familia zitakazohama. Vijiji hivyo ni jambo jema. Lakini swali la Simien lazima liulizwe hapa mapema, kabla ya matofali: mbuzi wa familia hiyo atakula nini, na majani yatatoka wapi? Mpango usio na jibu la swali hilo utawarudisha watu msituni usiku, wakitafuta majani kwa mundu na nyama kwa kitanzi. Hilo si kosa la tabia yao. Ni hesabu ya tumbo, ya mtu na ya mnyama.

Nyakiriba ina jibu lake tayari, nalo lipo kichwani mwa mtoto yule wa alfajiri. Mabingobingo kwenye ukingo wa tuta hulisha mbuzi bandani, na mizizi yake hushika udongo ambao mvua ya Mei ingeupeleka Sebeya. Mbolea ya banda hurudi kwenye viazi. Kama wakulima wa Simien wangepewa msaada wa jinsi hiyo miaka hamsini iliyopita, mbegu za majani na mabanda kabla ya bunduki na fidia, huenda Gich ingekuwepo na walia wangekuwa wengi. Hilo ndilo la kuwaambia wageni wanaokuja Rubavu kupita kuelekea kwa masokwe: uhifadhi wa mlima huanza kwenye zizi.

Kwa hiyo ombi ni dogo na linawezekana. Mabingobingo hupandwa kwa vipande vya shina vyenye vifundo viwili au vitatu, vikilazwa kwenye ukingo wa tuta mvua za Septemba zinapoanza. Kaya yenye banda na yenye majani ya ziada impe jirani asiye na mbegu. Na anayekwenda upande wa msitu akaona waya umefungwa kwenye mwanzi, autegue, auchukue, na amwarifu askari wa hifadhi siku hiyo hiyo.